Bia ya Nyumbani Yenye Harufu ya Kitindamlo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye ameshatengeneza bia nyumbani mara mbili tatu, anajua kuchachusha na kujaza chupa, na sasa anataka glasi inayonukia keki ya chokoleti, biskuti ya mdalasini au aiskrimu ya vanila. Vipimo vyote ni vya lita 20 za bia. Ukitengeneza pungufu au zaidi, gawanya au zidisha. Utaona jambo moja likijirudia: utamu ni kitu kimoja, na harufu ya kitu kitamu ni kitu kingine. Makosa mengi niliyoyaona, yangu yakiwemo, yalianzia hapo.

Kwa nini nikiongeza sukari, asali au shira bia haiwi tamu?

Kwa sababu hamira inavila vyote. Sukari ya mezani, asali, shira ya maple, karameli ya kumiminia juu ya keki: kwa hamira vyote hivyo ni chakula, na baada ya siku chache vimegeuka kilevi na gesi. Unabaki na bia yenye kilevi zaidi, nyepesi zaidi mdomoni, na pengine yenye utamu mdogo kuliko ambayo ungeipata usingeongeza kitu.

Asali huacha harufu kidogo ya maua, hasa ukiitia mwishoni mwa uchachushaji. Shira ya maple karibu yote hupotea. Anayetaka harufu yake ajaribu uwatu: mbegu zake zina sotoloni, kemikali yenye harufu inayofanana sana na ya shira hiyo. Kijiko kimoja kidogo cha mbegu zilizokaangwa kidogo, kikitiwa dakika za mwisho za kuchemsha, kinatosha. Usizidishe, uwatu hauna huruma.

Basi utamu unaobaki unatoka wapi?

Njia ya kwanza ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hamira ya bia haina uwezo wa kuivunja, kwa hiyo inabaki jinsi ulivyoiweka. Lakini usitarajie utamu wa sukari ya chai: gramu kwa gramu, laktosi ina utamu ambao ni kama moja ya tano tu ya ule wa sukari ya kawaida. Inachokipa bia zaidi ni uzito na ulaini, ule wa krimu unaotanda juu ya ulimi. Ndiyo iliyozaa stauti ya maziwa (stauti ni bia nyeusi nzito), ambayo viwanda vya Uingereza viliianza mwanzoni mwa karne ya 20.

Anza na gramu 250. Gramu 450 tayari ni bia ya kitindamlo kamili, na kiasi hicho peke yake kitapandisha kipimo cha haidromita (kifaa kinachoonyesha bia ni nzito kiasi gani kuliko maji) kwa takriban 0.008. Kwa hiyo usishtuke bia ikigoma kwenye 1.020 au zaidi. Haijakwama, ni laktosi unayoiona. Itie dakika kumi za mwisho za kuchemsha, ukikoroga ili isiungue chini ya sufuria. Ukiisahau, iyeyushe kwenye maji kidogo yanayochemka, ipoze, uitie baada ya uchachushaji.

Na tafadhali, mwambie kila unayemkaribisha kwamba bia ina laktosi. Kuna watu wengi ambao matumbo yao hayaivumilii, na hakuna anayetarajia maziwa ndani ya glasi ya bia.

Nawezaje kupata uzito huo bila laktosi?

Kwa kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) na maji moto. Unapoloweka kimea, vimeng'enya viwili ndivyo vinavyokata wanga. Kimoja kinafanya kazi vizuri kwenye joto la chini kidogo na kutoa sukari ambazo hamira inazipenda. Kingine kinastahimili joto zaidi na kuacha vipande virefu, dekstrini, ambavyo hamira ya kawaida haivigusi. Ukiloweka kwenye nyuzi 67 hadi 69 za Selsiasi badala ya 64 au 65, bia itabaki nzito zaidi. Ongeza oti zilizobanwa, nusu kilo hadi kilo moja, na utapata ulaini unaokaribia ule wa laktosi.

Chagua pia hamira isiyo mlafi. Aina nyingi za hamira za bia za Kiingereza huacha sukari fulani bila kuila, nazo zinafaa sana hapa.

Je, ni lazima niongeze vionjo? Kimea hakiwezi kufanya kazi hiyo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi huliruka. Kabla hujagusa vanila, tazama kimea chako. Kimea kikikaushwa na kuchomwa hupitia mabadiliko yale yale yanayotokea kwenye ganda la mkate na sehemu ya juu ya keki. Mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeyaeleza mwaka 1912, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Harufu za duka la mikate zinazaliwa hapo.

Kimea cha karameli cha rangi ya kati kinatoa ladha ya tofi. Kile cheusi zaidi kinatoa zabibu kavu, tini na sukari iliyoungua. Kimea cha biskuti kinanukia kama jina lake. Kimea cha chokoleti hakina chokoleti hata chembe, bali kimechomwa mpaka kikafanana nayo kwa rangi na kwa uchungu. Kimea cha Munich kinatoa mkate mtamu. Changanya vizuri na utakuwa na keki kabla hujafungua kopo la viungo.

Tahadhari: kimea cha karameli kikizidi sehemu moja ya kumi ya kimea chote, bia huanza kunata na kuchosha. Mimi huanzia asilimia 7. Vionjo unavyoongeza baadaye viwe vinamalizia sentensi ambayo kimea kimeshaianza. Vanila ndani ya bia nyepesi isiyo na kimea cha maana hunukia kama manukato yaliyomwagika.

Nitie hopsi kiasi gani?

Kidogo. Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu. Uchungu wa vizio 20 hadi 30 vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia, unatosha kwa bia nyingi za namna hii, na hopsi zote ziingie mwanzoni mwa kuchemsha ili zitoe uchungu bila harufu. Usiziondoe kabisa, maana bila uchungu wowote glasi ya pili hainyweki.

Vionjo vitiwe lini?

Fikiria harufu kama kitu kinachotaka kutoroka. Ukikitia mwanzoni mwa kuchemsha, kitatoka na mvuke. Ukikitia hamira ikiwa kazini, gesi inayopanda itakibeba nje kupitia mfuniko, na chumba ndicho kitakachonukia vizuri badala ya bia. Ndiyo maana vingi vya vionjo hivi hutiwa baada ya uchachushaji kukamilika, bia ikiwa imetulia, ikiwezekana imehamishiwa chombo kingine ili isikae na machicha.

Dakika za mwisho za kuchemsha zinafaa kwa laktosi, kwa unga wa kakao, na kwa viungo vikavu unavyotaka vikae nyuma tu. Faida yake ni usafi, kwa kuwa joto linaua vijidudu. Hasara yake ni kwamba hujui bia iliyochachuka itakuwaje, kwa hiyo unapima gizani. Ukisubiri mwisho, unaonja huku unaongeza.

Vanila: maganda mangapi, na kwa siku ngapi?

Maganda mawili kwa lita 20, matatu ukitaka vanila iongoze. Pasua kila ganda kwa urefu, kwangua mbegu, kata ganda vipande vya sentimita moja, kisha loweka vyote kwenye mililita 60 hadi 100 za vodka ndani ya chupa iliyofungwa. Siku tatu zinatosha, wiki ni bora. Mimina yote, maganda na kilevi chake, kwenye bia iliyomaliza kuchachuka. Onja baada ya siku tatu, kisha kila siku. Mara nyingi kati ya siku ya nne na ya saba bia huwa tayari kuhamishwa.

Vanila haina utamu. Weka mbegu ulimini utaona. Lakini pua imeizoea vanila pamoja na sukari kwa miaka mingi kiasi kwamba ikiinusa tu, ulimi nao unaamini kuna sukari. Hilo ni msaada mkubwa kwetu: unaweza kupata bia inayohisiwa tamu ilhali utamu wake halisi ni mdogo.

Kuhusu bei yake kuwa juu, ua la vanila hufunguka kwa muda usiofika siku moja, na nje ya asili yake Meksiko karibu yote huchavushwa kwa mkono. Njia ya haraka ya kufanya hivyo iligunduliwa mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Kila ninapopasua ganda namkumbuka. Baada ya kuvunwa, ganda la kijani halinukii. Linahitaji miezi ya kukaushwa na kuvundikwa ndipo vanilini, kemikali yenye harufu ya vanila, itokee. Kwa hiyo nunua maganda laini yanayopindika kama ngozi yenye mafuta, si yale makavu yanayovunjika.

Vipande vya mbao za mwaloni zilizochomwa hutoa vanilini pia, pamoja na nazi kidogo na moshi. Gramu 30 kwa wiki mbili ni mwanzo mzuri ikiwa bia yako ni nyeusi na yenye kilevi cha kutosha.

Nataka chokoleti. Je, niyeyushe chokoleti ya kula?

Hapana. Chokoleti ya kula ina sukari, ambayo hamira itaila, na mafuta, ambayo yataua povu. Mara nyingi ina maziwa pia. Tumia chenga za kakao, yaani mbegu zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa. Gramu 150 hadi 200 kwa siku tano hadi saba. Zipashe tanurini dakika chache mpaka jikoni kunukie, zipoze, zilowanishe kwa vodka kiasi cha kuzifunika tu, kisha zitie kwenye mfuko wa kitambaa ili kuzitoa kusiwe shida.

Chenga zina mafuta karibu nusu ya uzito wake. Ukitaka kuyapunguza, weka ile vodka ya kulowekea kwenye friza usiku mzima. Vodka haigandi, mafuta yanaganda na kuelea. Yachuje, tumia kilichobaki. Kazi ndogo, tofauti kubwa.

Unga wa kakao usio na sukari ni njia ya pili: gramu 100 hadi 150, dakika tano za mwisho za kuchemsha. Unatoa ladha nzito zaidi lakini unaacha tope jingi chini ya chombo, kwa hiyo panga kupoteza lita moja hivi.

Kumbuka kwamba kakao ni chungu. Ladha ambayo watu wanaiita chokoleti ni kakao, vanila, utamu na chumvi vikiwa pamoja. Ganda moja la vanila ndani ya bia ya kakao halitasikika kama vanila, litaifanya kakao iitwe chokoleti. Chumvi nayo hufanya maajabu: jaribu gramu 3 kwa lita 20, baada ya kuijaribu kwanza kwenye glasi.

Mdalasini na viungo vingine vya keki?

Hapa ndipo nilipoharibu bia yangu iliyonigharimu muda mwingi zaidi. Niliweka vijiti vinne vya mdalasini nikaondoka kwa wiki mbili. Niliporudi bia ilikuwa na ukakasi wa gome la mti, mdomo ukikauka kila unapomeza, na hakuna muda uliowahi kuuondoa. Kijiti kimoja kwa siku tatu hadi tano, ukionja kila siku, ndicho kipimo ninachokiamini sasa. Angalia pia ni mdalasini gani: ule wa Ceylon una gome jembamba lenye tabaka nyingi na ladha ya upole, kasia ni gome nene, gumu, na kali zaidi.

Karafuu: mbili au tatu, si zaidi. Kungumanga: robo kijiko kidogo, iliyokunwa wakati huohuo. Iliki: punje nne au tano zilizopondwa. Tangawizi mbichi inastahimili kuchemshwa vizuri, gramu 30 zilizokatwa vipande vyembamba. Ukichanganya viungo, chagua kimoja kiwe mbele na vingine viwe nyuma, maana vikigombania nafasi hutasikia hata kimoja.

Nazi na karanga zimeua povu langu lote. Nifanyeje?

Mafuta. Povu la bia linashikiliwa na protini za kimea na uchungu wa hopsi, na mafuta yanazivuruga kuta za mapovu mpaka zipasuke. Nazi iliyokunwa na kukaushwa, isiyo na sukari, ikaange bila mafuta hadi iwe ya dhahabu, kisha iminye katikati ya karatasi za jikoni zinyonye yanayotoka. Gramu 400 kwa siku tatu hadi tano ni kiasi cha kawaida, na usishangae bia ikipungua kwa sababu nazi inanyonya. Kwa karanga tumia unga wa karanga uliokamuliwa mafuta. Kilo moja ya ngano au oti ndani ya kimea pia hulipa povu nguvu ya kusimama.

Karanga na jamii zake zinaweza kumdhuru vibaya mwenye mzio nazo. Andika kwenye chupa, usitegemee kukumbuka.

Matunda yatanipa ladha ya keki ya matunda?

Yatakupa tunda lisilo na sukari yake, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hamira inakula sukari, inaacha harufu na uchachu, na bia inakuwa kali kama divai changa. Kilo mbili za matunda yaliyogandishwa na kuyeyushwa (kugandisha kunapasua nyama ya tunda na kuachilia maji yake) ni kiasi cha wastani. Ukitaka ihisiwe kama kitindamlo, weka laktosi na vanila nyuma yake. Cheri na kakao zinapatana kuliko jozi yoyote niliyoijaribu. Usichemshe matunda, pektini yake itafanya bia iwe na mawingumawingu yasiyoondoka.

Hamira yenyewe inaweza kutengeneza ladha hizi?

Inaweza, na bure. Hamira ya bia ya ngano ya Kijerumani hutoa harufu ya ndizi, na pia ya karafuu. Ukichachusha kwenye joto la juu kidogo, ndizi kwa kawaida huongezeka. Juu ya kimea cha Munich na biskuti, hiyo ni keki ya ndizi bila ndizi yoyote.

Harufu ya siagi ni habari nyingine. Inatokana na diasetili, ambayo hamira huitengeneza kisha huila yenyewe ikipewa muda. Kuna wanaodhani kwamba siagi katika bia ya tofi ni jambo jema. Kidogo sana, labda. Ikizidi, bia inateleza mdomoni kama mafuta na kinywa kinachoka. Acha bia siku mbili tatu za ziada kwenye nyuzi 18 hadi 20 kabla ya kuipoza.

Arki za chupa zinafaa, au ni udanganyifu?

Zinafaa hizo, yaani vionjo vya maji vya dukani, na sioni sababu ya mtu kuona haya kuzitumia. Zina usafi, zinapimika, na unaweza kuzitia siku ya kujaza chupa. Kasoro yake ni ladha ya pembeni moja: arki ya ndizi au ya tofi ikizidi hata kidogo, bia inanukia peremende. Hakikisha haina mafuta wala sukari.

Namna ya kupima ni hii. Chukua mililita 100 za bia yako. Kwa bomba la sindano dogo, tia mililita 0.1, koroga, onja. Ongeza 0.1 nyingine, onja tena. Tuseme 0.2 ndiyo ilikupendeza. Ndani ya lita 20 mna vipimo 200 vya mililita 100, kwa hiyo unahitaji mililita 40. Tia 30 kwanza, subiri, onja, ndipo uamue kuhusu zilizobaki. Kinachopendeza kwenye mkupuo mmoja mara nyingi ni kikubwa mno kwa glasi nzima.

Chupa zangu zinaweza kulipuka?

Ndiyo, na hili lichukulie kwa uzito kuliko jambo lolote hapa. Kitu chochote chenye sukari inayochachuka kikiingia kwenye chupa juu ya ile sukari ya kutengenezea gesi (ambayo kwa kawaida ni gramu 5 hadi 7 kwa lita), shinikizo litazidi uwezo wa kioo. Usitie shira, karameli, juisi wala rojo la matunda siku ya kujaza chupa. Vikitiwa mapema, subiri haidromita isome namba ileile kwa siku tatu.

Jihadhari pia na hamira za aina ya diastaticus, ambazo hula dekstrini polepole kwa wiki nyingi. Usiziweke kwenye bia unayotaka ibaki nzito.

Kuna wanaouliza kama potasiamu sorbati itasimamisha hamira. Inazuia hamira isizaane, haisimamishi uchachushaji unaoendelea, na bia inayotegemea hamira kutengeneza gesi ndani ya chupa haiwezi kutumia njia hiyo. Ni ya wenye kegi (pipa la chuma la bia) na gesi ya kusukuma.

Vionjo vibichi havitachafua bia?

Vikiingia baada ya uchachushaji, kilevi na uchachu uliomo vinasaidia sana, lakini si kinga kamili. Vodka ya asilimia 40 ndiyo rafiki wa karibu: inasafisha na wakati huohuo inavuta ladha. Matunda yagandishwe au yapashwe hadi nyuzi 70 kwa dakika chache bila kuchemka. Hatari ambayo watu huisahau ni hewa. Kila ukifungua mfuniko kuonja, oksijeni inaingia, na bia iliyopata hewa huanza kunukia karatasi iliyolowa. Onja kwa haraka, funga, ondoka.

Nimezidisha. Bia imeharibika?

Inategemea umezidisha nini. Vanila na harufu za viungo hupungua zenyewe; mwezi mmoja au miwili baridini unaweza kuiokoa. Ukakasi wa magome na maganda hauondoki. Kwa huo, dawa ni kutengeneza bia ileile bila kionjo na kuzichanganya, ukianza na glasi ndogo kutafuta uwiano.

Ikae muda gani, na inywewe ikiwa baridi kiasi gani?

Bia nyepesi yenye vanila au matunda, ndani ya miezi miwili au mitatu. Nyeusi yenye kilevi kingi inavumilia mwaka, ila kimea chake kitadumu kuliko vionjo, kwa hiyo kama mdalasini ndio uliokufanya uitengeneze, usiifiche kabatini.

Kuhusu joto, itoe kwenye jokofu dakika 20 au 30 kabla. Kwenye nyuzi 4 pua haipati kitu, na utadhani vanila yako haikufanya kazi. Kati ya nyuzi 10 na 13, ndani ya glasi iliyojaa nusu tu ili harufu ipate mahali pa kukusanyika, utaisikia kabla midomo haijagusa kioo.